Kiharusi cha Mgongo kwa Vijana

Jina la ugonjwa ni nusu ya picha yake. Mtu asikiapo neno kiharusi, mara huona mbele ya macho yake mzee aliyepinda mdomo, mkono mmoja umelegea, ulimi mzito, na jamaa wamemzunguka kitandani. Picha hiyo ni ya kweli, maana wengi wapatwao na kiharusi wamekwisha pita umri wa ujana, na kichwa ndicho kipigwacho zaidi. Lakini hata picha ya kweli huweza kumpofusha mtu akiitazama hiyo peke yake. Kiko kiharusi kisichogusa uso wala ulimi. Humwacha mgonjwa na akili timamu, maneno fasaha na macho maangavu, kikamwondolea miguu tu. Katika kila watu 100 wapatwao na kiharusi, mmoja au wawili hivi ndio ambao chao huwa cha mgongo. Na miongoni mwa hao wachache wamo vijana wa miaka 15, 20 na 30, ambao asubuhi walitembea na jioni hawakuweza kusimama. Uchache wao ndio unaowaponza. Ugonjwa wa wengi hutambuliwa na kila mtu. Ugonjwa wa wachache hukosa hata wa kuutaja.

Watu husema uti wa mgongo wakiwa na maana ya vitu viwili pamoja. Kimoja ni mifupa iliyopangwa pingili juu ya pingili kama muwa. Cha pili ni ugwe mwororo upitao ndani ya mifupa hiyo, ushukao kutoka katika ubongo hata karibu na kiuno. Ugwe huo una urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima, unene wake haushindi kidole, na uzito wake ni gramu 35 hivi tu. Juu ya uzi huo mdogo hupita amri zote za kutembea, na habari zote za maumivu, joto, baridi na mguso zitokazo miguuni. Hakuna njia ya pili. Mkono uliokatika ni mkono mmoja, lakini ugwe ukikatika, vyote vilivyo chini yake hunyamaza pamoja.

Kitu chenye thamani kubwa namna hii kingetazamiwa kuwa na mito mingi ya kukinywesha. Sivyo kilivyo. Mshipa mmoja tu, upitao mbele ya ugwe toka juu hata chini, hulisha theluthi mbili za ugwe. Mishipa midogo miwili ya nyuma hulisha theluthi iliyobaki. Mshipa wa mbele nao hauna nguvu za kutosha kufika mwisho wa safari bila ya msaada. Hupokea damu njiani kutoka kwa mishipa michache iingiayo kwa pembeni. Mkubwa wao, ambao kwa watu wengi huingia upande wa kushoto karibu na mwisho wa mbavu, huitwa kwa jina la Albert Adamkiewicz, mtaalamu wa Kipolandi aliyeichunguza mishipa ya ugwe na kuandika habari zake katika mwaka wa 1881 na 1882. Shamba lenye mfereji mmoja halina budi kukauka mfereji uzibapo. Bonge la damu lisilozidi punje ya mchele likikwama mahali pasipofaa, chembe za ugwe hukosa pumzi, na baada ya muda mfupi huanza kufa. Mwaka wa 1909 William Spiller, daktari wa Philadelphia katika Marekani, alieleza habari za mgonjwa ambaye mshipa huo wa mbele ulizibwa na damu iliyoganda. Tangu hapo ugonjwa umekuwa na mahali pake katika vitabu vya tiba, ijapokuwa umekawia kupata mahali katika mazungumzo ya watu.

Jinsi unavyokuja huweza kuonyeshwa kwa mfano wa msichana mwanafunzi. Yuko chumbani anasoma. Ghafla anasikia maumivu makali mgongoni, kati ya mabega, kama mshipi unaokazwa. Anadhani amekaa vibaya, anajinyosha. Baada ya robo saa anainuka kwenda kunywa maji, na goti la kushoto linamsaliti. Anashika meza. Nusu saa haijapita, mguu wa kulia nao umekuwa mzito kama gogo lililolowana. Mama yake anamwambia, "Lala, mwanangu, utaamka mzima." Anajibu, "Mama, siisikii miguu yangu." Usiku unapoendelea tumbo linamjaa na hawezi kupata haja ndogo, lakini hilo halisemi kwa mtu ye yote, kwa sababu anaona haya. Asubuhi mtu akimchoma sindano mguuni, hana habari. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akikiinua kidole chake cha mguu, msichana huweza kusema, na macho yake yamefumbwa, kama kidole kimekwenda juu au chini. Wasioelewa huona jambo hilo kuwa dalili ya uongo: vipi mguu uhisi kusogezwa usihisi sindano? Lakini ndio ushahidi wenyewe wa kweli. Njia za maumivu na joto hupita mbele ya ugwe, penye mshipa ulioziba. Njia za kujua mahali pa kiungo hupita nyuma, ambako mishipa ile miwili ingali ikitoa damu.

Nyumba ya mgonjwa wa namna hii hujaa maneno kabla ya kujaa msaada. Mmoja husema amekanyaga kitu kilichotegwa. Wa pili husema amepigwa na upepo mbaya. Wa tatu, aliye mpole kuliko wote, husema ni uchovu wa mitihani. Si haki kuwacheka. Mtu asiye na jina la jambo hulipa jina alilo nalo. Hata hospitali huweza kupotea njia, kwa sababu kupooza miguu ni mlango ambao hupitwa na maradhi mengi. Katika Afrika ya Mashariki daktari aonapo kijana asiyeweza kusimama hufikiri kwanza juu ya kifua kikuu kilichokula mifupa ya mgongo, au kichocho kilichofika katika ugwe, au polio, au uvimbe wa ugwe uletwao na kinga ya mwili inapokosea adui. Mawazo hayo ni mazuri, maana maradhi hayo yapo, na mengi yao yana dawa.

Shahidi awezaye kuyatenga ni saa ya ukutani. Kifua kikuu cha mgongo huchukua majuma na miezi. Uvimbe wa ugwe huchukua siku. Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao huanzia miguuni na kupanda, huweza kuendelea kwa majuma manne. Kiharusi huchukua dakika au saa chache. Mwaka wa 2019 wataalamu wa Mayo Clinic ya Marekani waliandika masharti ya kuutambua ugonjwa huu, na sharti la mbele ni kwamba udhaifu mkubwa uwe umefika kikomo chake katika saa 12 au chini yake. Kwa hiyo swali kubwa la kumwuliza mgonjwa ni hili: "Ilianza saa ngapi, na ilipofika saa ngapi hukuweza tena kusimama?" Swali hilo halihitaji mashine wala fedha. Hata mama wa nyumbani aweza kuandika jibu lake juu ya karatasi, na karatasi hiyo ikawa na thamani kubwa kwa daktari.

Mashine nayo ina kazi yake. Picha ya sumaku, ile iitwayo MRI, huweza kuonyesha ndani ya ugwe madoa mawili meupe yaliyokaa sambamba, ambayo madaktari huyaita macho ya bundi. Watu wa pwani na bara wanajua jinsi bundi aogopwavyo anapotua juu ya paa. Hapa macho yake hutokea mahali pa kustahili kuogopwa. Lakini bundi huyu hachelewi kuondoka tu, huchelewa na kufika: katika saa za kwanza picha huweza kuwa safi, na ugonjwa upo. Mgonjwa ambaye picha yake ya kwanza ni safi hastahili kuambiwa kwamba anajifanya.

Sasa huja swali la damu. Damu ina wajibu mara mbili, na kila mmoja ni kinyume cha mwenziwe. Ndani ya mshipa mzima sharti ipite kama maji. Penye jeraha sharti igande kama uji uliopoa. Ikikosa wajibu wa pili, mtu hufa kwa mkwaruzo; ikikosa wa kwanza, hufa bila ya jeraha lo lote. Kuganda huanza kwa chembe sahani zinazokimbilia penye tundu na kushikamana. Kisha protini nyingi, ambazo wataalamu wamezipa nambari za Kirumi, huamshana moja baada ya nyingine mpaka nyuzi za fibrini zimefumwa kama wavu. Kazi hiyo ina vizuizi vyake, maana wavu usio na mwisho ungekamata mwili mzima. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliandika mwaka wa 1856 juu ya mabonge yanayong'oka mahali pamoja yakaziba mahali pengine. Leo madaktari hufundishwa, na fundisho hilo hupewa jina lake, kwamba damu huganda pasipotakiwa kwa sababu tatu: mwendo wake umepungua, ukuta wa mshipa umeharibika, au damu yenyewe imegeuka tabia.

Hiyo sababu ya tatu ndiyo itafutwayo kwa vijana, maana mishipa yao bado haijazeeka. Mwaka wa 1965 daktari wa Norway, Olav Egeberg, alieleza habari za ukoo uliorithi upungufu wa antithrombini, kimoja cha vizuizi vya damu. Mwaka wa 1993 Björn Dahlbäck wa Sweden alionyesha kwamba damu ya watu fulani haikitii kizuizi kiitwacho protini C. Mwaka uliofuata wataalamu wa mji wa Leiden katika Uholanzi waliona chanzo chake, nacho ni badiliko dogo moja katika urithi wa protini ya tano. Badiliko hilo hupatikana kwa watu 5 hivi katika kila 100 wenye asili ya Ulaya, nalo ni nadra kwa Waafrika. Ni lazima kusema pia kwamba kasoro hizi za urithi huziba zaidi vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, kuliko ateri ziletazo damu. Na walio wengi wenye badiliko la Leiden hawapatwi na bonge maishani mwao. Hata hivyo ugwe nao una vena zake, na zikiziba, damu hukosa pa kutokea, na ugwe hufa kwa mafuriko badala ya ukame. Tena mtu mmoja hivi katika kila wanne ana kijitundu katikati ya vyumba vya moyo ambacho hakikufunga baada ya kuzaliwa. Bonge lililotoka katika vena ya mguu huweza kukipenya na kuingia upande wa ateri.

Adui mwingine hazaliwi na mtu, humjia baadaye. Mwaka wa 1983 Graham Hughes wa London alieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hutengeneza silaha zinazoifanya damu igande, uitwao leo ugonjwa wa antifosfolipidi. Huu hauchagui mshipa: huziba vena na ateri. Hupenda vijana, na wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni mimba zinazoharibika moja baada ya nyingine, jambo ambalo majirani hulitafutia mchawi. Kipimo chake hurudiwa baada ya majuma 12, kwa sababu silaha hizo huweza kutokea kwa muda mfupi baada ya homa na kutoweka. Vidonge vya uzazi wa majira vyenye estrojeni huongeza hatari kwa mwenye damu ya namna hii. Ndiyo sababu mwanamke kijana aulizwe juu ya dawa anazotumia kabla ya kuandikiwa nyingine.

Katika Afrika ya Mashariki upo ugonjwa wa damu ujulikanao kuliko hayo yote, nao ni selimundu. James Herrick wa Chicago alitangaza mwaka wa 1910 kwamba ameona chembe zenye umbo la mundu katika damu ya mwanafunzi mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Na mwaka wa 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba urithi wa chembe hizo hukinga watoto na malaria. Chembe hizo ngumu hukwama katika mishipa. Pasipo kinga, watoto 11 hivi katika kila 100 wenye ugonjwa huo hupata kiharusi cha ubongo kabla ya kutimiza miaka 20. Ugwe huguswa mara chache sana. Lakini mtoto wa selimundu anayelalamika kwamba mguu umekufa asiambiwe kwamba ni maumivu yake ya kila siku.

Wala isidhaniwe kwamba kila kiharusi cha mgongo cha kijana hutokana na damu. Mwaka wa 1961 ilielezwa habari ya mvulana wa miaka 15 aliyeanguka akicheza. Chembe za gegedu la katikati ya pingili za mgongo ziliingia katika mishipa ya ugwe na kuiziba. Mwaka wa 2004 madaktari wa Hawaii waliandika habari za watu 9 waliokuwa wakijifunza kwa mara ya kwanza kuteleza juu ya mawimbi. Kulala kifudifudi juu ya ubao muda mrefu, mgongo umepinda nyuma, kuliwakatia ugwe damu yake. Wako na wengine ambao hutafutwa chanzo kila mahali kisionekane. Hao hupata mzigo mara mbili, wa ugonjwa na wa kukosa jibu.

Upande wa pili wa damu nao haufai kusahauliwa. Mwenye himofilia, ambaye damu yake haigandi vema, huweza kutokwa na damu ndani ya mfereji wa mgongo. Damu hiyo hukusanyika na kuubana ugwe. Naye huumwa mgongo ghafla, naye hupoteza miguu na kushindwa kukojoa. Watu wawili hulala katika vitanda viwili na dalili moja, mmoja kwa damu iliyoganda, wa pili kwa damu isiyoganda. Dawa ya huyu ni sumu kwa yule. Ndiyo sababu hakuna mwenye haki ya kutoa dawa ya kulainisha damu kwa kubahatisha. Na ndiyo sababu haraka ni wajibu hata pale ambapo kiharusi chenyewe hakina dawa iliyothibitishwa ya kukirudisha nyuma: damu au usaha unaoubana ugwe huweza kuondolewa kwa kupasuliwa, na kila saa ipoteayo ni sehemu ya miguu ipoteayo. Ambaye hajapigwa picha bado hajajulikana yuko katika kundi gani.

Dawa kongwe ya kuzuia mabonge ina hadithi ya kuelimisha. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1933, mkulima wa Wisconsin huko Marekani alifika chuoni na ng'ombe aliyekufa na chombo kilichojaa damu isiyotaka kuganda. Ng'ombe wake walikuwa wamelishwa majani yaliyooza. Karl Link na wenzake walifanya kazi miaka mingi mpaka wakaitoa ile sumu katika majani. Ndugu yake sumu hiyo, warfarini, iliuzwa mwaka wa 1948 kuulia panya, na mwaka wa 1954 iliruhusiwa kutibu watu. Mpaka sasa ndiyo inayotegemewa kwa wagonjwa wa antifosfolipidi walio katika hatari kubwa. Lakini ni rafiki atakaye kuangaliwa: mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, hapunguzi wala haongezi ghafla kiasi cha mchicha na kisamvu anachokula, na mwanamke atakaye kuzaa hupewa shauri kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Aliye karibu na maabara huyaona haya kuwa mepesi. Anayepanda basi siku nzima kwenda kupimwa huyaona vingine.

Ziko habari za kutia moyo, nazo ni za kweli kama zile za kutisha. Katika uchunguzi uliotangazwa na madaktari wa Mayo Clinic mwaka wa 2012 juu ya wagonjwa 115, asilimia 41 ya wale waliotoka hospitali juu ya kiti cha magurudumu walikuja kutembea baadaye. Miguu hairudi kama mgeni abishaye hodi mara moja. Hurudi kidole kwa kidole, kwa mazoezi ya kila siku, na kwa mikono ya watu wanaomgeuza mgonjwa usiku ili ngozi yake isioze. Wale ambao haikuwarudia wana miaka 50 mbele yao ya kusoma, kufanya kazi, kupenda na kulea. Mzee apatwapo na kiharusi huomba amalize salama safari aliyokwisha ianza. Kijana hudai ruhusa ya kuianza yake. Darasa lililo ghorofani pasipo njia ya magurudumu humnyima ruhusa hiyo, na kunyima huko hakukufanywa na damu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kijana aliyeona haya kusema kwamba hawezi kukojoa alificha dalili ambayo ingemwonyesha daktari njia katika usiku ule. Haya yake haikuwa kosa lake. Alifundishwa na watu wazima, ambao ni wajibu wao sasa kumfundisha mengine. Na ndugu zake wa tumbo moja, kama chanzo kilichoonekana ni cha urithi, wanastahili kuelezwa na kushauriwa juu ya kupimwa, maana damu ni nzito kuliko maji, na safari hii neno hilo lina maana yake ya asili. Neno kiharusi si lazima libadilishwe. Linatakiwa kupanuliwa tu, lienee kutoka kichwani mpaka kiunoni na kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu, ili siku kijana asemapo kwamba miguu yake imekufa ghafla, wa kwanza kumsikia asimwambie alale, amwulize ilianza saa ngapi, kisha atafute gari.